Sura ya Saba: Celica Ikizeeka, Maradhi na Gharama Zake

Toyota Celica ya kizazi cha saba ilianza kuuzwa Japani mwaka 1999, ikaacha kutengenezwa 2006, na haikupata mrithi. Jina lenyewe lilikuwa limedumu tangu 1970. Gari hili la milango miwili, lenye pua iliyochongoka na taa zilizopanda hadi juu ya boneti, lilichorwa na wasanifu wa Toyota walioko California, na lililengwa kwa mtu wa kipato cha kawaida anayetaka gari la michezo. Marekani toleo la chini liliuzwa kwa takriban dola 17,000 na la juu kwa takriban dola 21,000. Lina uzito wa kilo 1,100 na ushei, linavutwa na magurudumu ya mbele, halina turbo, wala halina mfumo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne uliokuwamo katika Celica GT-Four zilizolitangulia. Wepesi na urahisi huo ndio uliolifanya liwe tamu kuendesha, na ndio uliolifanya lizeeke kwa gharama ndogo kuliko magari mengi ya michezo ya rika lake.

Ndogo, lakini si lazima ziwe ndogo. Celica moja yaweza kwenda miaka mitano kwa oili, pedi za breki na bushi tu. Nyingine, ya mwaka uleule na rangi ileile, ikammaliza mwenyewe ndani ya miezi sita. Tofauti hutokana na mambo machache yanayojulikana, na karibu yote yanaweza kukaguliwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Jambo la kwanza la kusoma ni namba ya chasi. Inayoanza na ZZT230 ina injini ya 1ZZ-FE. Inayoanza na ZZT231 ina 2ZZ-GE. Japani, ya kwanza iliitwa SS-I na ya pili SS-II. Marekani zikaitwa GT na GT-S. Injini zote mbili zina ujazo wa karibu cc 1,800, lakini zinatofautiana kwa tabia, kwa maradhi na kwa bei ya kuzitibu, kiasi kwamba anayezungumzia matatizo ya Celica bila kutaja injini hajasema lolote la kumsaidia mnunuzi.

1ZZ-FE haikuwa ya Celica peke yake. Ndiyo iliyofungwa katika Toyota Wish ya 1.8, katika Premio na Allion za 1.8, katika Voltz, na katika Corolla nyingi za miaka ile. Fundi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ambaye hajawahi kuigusa Celica amekwisha kuifungua injini yake mara nyingi. Hilo ni jambo kubwa kwa mwenye gari, maana spea zake zimejaa madukani na maradhi yake yanajulikana.

Ugonjwa wake mkuu ni kula oili, na unaanzia kwenye pistoni. Kila pistoni ina ringi tatu. Ile ya chini kazi yake ni kukwangua oili iliyobaki kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini kupitia vitundu vilivyotobolewa nyuma yake. Katika injini za miaka ya mwanzo vitundu hivyo vilikuwa vidogo na havitoshi. Oili iliyokosa njia ya kurudi huungua kwa joto na kuwa masizi magumu; masizi huziba vitundu, kisha huigandisha ringi mahali pake. Ringi ikishaganda haikwangui tena. Oili hupanda kwenye chumba cha mwako, huungua pamoja na petroli, na eksozi huanza kutoa moshi wa buluu, hasa asubuhi gari linapowashwa, au dereva anapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu. Toyota ilizibadilisha pistoni hizo, na injini zilizotoka kiwandani kuanzia kama 2002 au 2003 zina afadhali kubwa.

Hatari yake inaonekana kwa hesabu nyepesi. Injini hii hubeba lita 3.7 za oili. Yenye ugonjwa uliokomaa inaweza kula lita nzima kila kilomita 1,000. Mwenye gari aliyezoea kubadilisha oili kila kilomita 5,000, asiyefungua boneti katikati, atakuwa ameimaliza yote kabla ya kufika kilomita 4,000. Taa nyekundu ya oili haimsaidii, kwa sababu inapima presha na si kiasi. Inapowaka, pampu imeshaanza kuvuta hewa na beringi za krankshafti zimeshaanza kukwaruzika. Injini nyingi za 1ZZ ziliishia kugonga ingawa ringi zake zingeweza kuendelea kufanya kazi kwa miaka. Kilichoziua ni stiki ya oili ambayo hakuna aliyeichomoa.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni ya bei rahisi kabisa: kupima oili kila gari linapojazwa mafuta na kuongeza inapopungua. Gari linalokula chini ya nusu lita kwa kilomita 1,000 linaweza kutembea hivyo muda mrefu. Tiba ya pili ni kuchomoa plagi, kumimina dawa ya kuyeyusha masizi juu ya pistoni na kuiacha ilale humo usiku kucha. Kabla ya kurudisha plagi lazima injini izungushwe ili dawa iliyobaki itoke, la sivyo kimiminika kinaweza kupinda mikono ya pistoni, kisha oili ibadilishwe kabla gari halijaenda popote. Dawa hiyo husaidia pale ambapo ringi zimeganda tu. Zikiwa zimelika, haina msaada, na fundi mwaminifu atasema hivyo mapema.

Tiba ya tatu ni kufungua injini yote na kuweka pistoni za muundo mpya, ringi, gasketi na beringi. Hapa mahali gari lilipo ndipo panapoamua. Marekani au Uingereza, kazi hiyo huchukua saa nyingi za fundi, na kwa kuwa saa moja ya gereji hulipiwa dola 100 au zaidi, ujira peke yake unaweza kufikia bei ya gari zima. Afrika Mashariki ujira ni sehemu ndogo ya gharama na spea ndizo zinazobeba uzito, hivyo kufungua injini bado kuna maana, ila kwa sharti moja: kuta za silinda ziwe nzima. Kuta hizo ni slivu nyembamba za chuma zilizokaa ndani ya bloku ya aluminiamu, na hazina unene wa kuchongwa kama zilivyochongwa bloku za chuma za Toyota za zamani. Silinda iliyokwaruzika kwa kina imeimaliza bloku.

Ndiyo maana wengi huchagua njia ya nne, injini ya mtumba kutoka Japani au kwenye masoko ya spea ya Sharjah. Uamuzi huo ni mzuri ikiwa mnunuzi anajua anachokichagua. Injini iliyotoka kwenye Celica ya 2000 itakuja na ugonjwa uleule. Wish ilianza kutengenezwa 2003, kwa hiyo injini yake ya 1ZZ ni ya pistoni zilizoboreshwa, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Bloku na silinda hedi hukaa mahali palepale. Manifodi, throto, sensa na waya za Celica huhamishiwa kwenye injini mpya. Kabla ya kulipa, kifuniko cha oili kifunguliwe na tochi imulikwe ndani. Rangi ya kahawia nyepesi kwenye chuma ni ya kawaida. Tope jeusi lililoganda maana yake injini hiyo haikubadilishiwa oili kwa wakati, na bei yoyote itakuwa ghali.

Kula oili kuna gharama ya pili inayosahaulika, nayo ni masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi. Majivu ya oili hujikusanya humo hadi gari linakosa pumzi na taa ya cheki injini inawaka. Masega halisi ya Toyota huzidi dola 1,000. Ya kampuni nyingine ni mia kadhaa. Kufunga masega mapya kabla ya kutibu ringi ni kutupa fedha, kwa sababu yataharibika kwa njia ileile. Gereji nyingi huyatoa na kuweka bomba tupu. Gari litatembea, lakini sensa ya nyuma itaendelea kulalamika, taa itabaki imewaka, na siku hitilafu nyingine ya kweli itakapotokea dereva hatakuwa na njia ya kuiona. Moshi, nao, unabaki kwa wengine kuuvuta.

Maradhi mengine ya 1ZZ ni madogo na yasimtishe mtu. Upande wa nyuma wa injini oili huvuja kwenye kikaza cheni ya taimingi. Kinachohitajika ni ringi ya mpira ya bei ndogo sana na kazi ya nusu saa, lakini injini isizungushwe kikaza kikiwa nje, maana cheni inaweza kuruka jino. Gasketi ya manifodi ya hewa hukakamaa na kuvuta hewa injini ikiwa ya baridi. Gari hutetemeka asubuhi kisha hutulia likipata joto, na kompyuta husema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Sensa ya hewa iliyochafuka hutoa dalili zinazofanana na hizo, hivyo isafishwe kwanza kwa dawa yake kabla ya kununua chochote. Valvu ya VVT-i, mfumo unaobadilisha majira ya valvu, nayo ina chujio dogo ambalo huziba kwa oili chafu. Koili za plagi hufa moja moja, na si lazima kubadilisha zote nne. Kazi zote hizi kwa pamoja hazifiki gharama ya masega.

2ZZ-GE ni injini ya tabia nyingine kabisa. Toyota iliitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha, na kamshafti zake zina migongo ya aina mbili, mifupi kwa mwendo wa kawaida na mirefu kwa mwendo wa kasi. Injini ikifika kama mizunguko 6,000 kwa dakika, oili yenye presha husukuma kipini kidogo chini ya roka, na valvu huanza kuendeshwa na migongo mirefu. Sauti hubadilika ghafla na gari hupata nguvu mpya hadi karibu mizunguko 8,000. Injini ikiwa bado ya baridi, kompyuta huzuia badiliko hilo kwa makusudi. Ni raha ya pekee katika magari ya bei hii, na Lotus ilipotafuta injini ya Elise ikaichukua hiyohiyo.

Raha hiyo hutegemea boliti mbili. Kila shafti ya roka imeshikwa na boliti inayopitisha oili, na boliti za miaka ya mwanzo hulika shingoni na kukatika. Presha huvuja, kipini hakisukumwi, na gari hupita mizunguko 6,000 bila badiliko lolote la sauti wala nguvu. Wamiliki wengi hawagundui, kwa kuwa hawafiki huko, na baadhi ya wauzaji hulisifia gari kuwa tulivu. Toyota ilitoa boliti zilizoboreshwa. Kuzibadilisha ni kazi ya saa moja au mbili chini ya kifuniko cha valvu, kwa dola makumi tu. Zikiachwa, na injini ikaendelea kukanyagwa, migongo ya kamshafti na roka huanza kulika, na hapo gharama hupanda kutoka makumi hadi mamia mengi. Katika majaribio ya gari lenye 2ZZ, kulifikisha kwenye badiliko hilo injini ikiwa imeshapata joto ni sehemu ya lazima ya ukaguzi. Muuzaji anayekataa amekwisha kutoa jibu.

Ajali kubwa ya injini hii husababishwa na mkono wa dereva. Geaboksi ya gia sita ina nafasi zilizobanana, na mtu anayetoka gia ya tatu kwenda ya nne kwa haraka anaweza kuingia ya pili. Kwa uwiano wa gia zake, injini iliyokuwa kwenye mizunguko 8,000 hulazimishwa kufika kama 11,000. Kompyuta inaweza kukata mafuta, lakini haiwezi kuzuia magurudumu yasiizungushe injini. Gia za pampu ya oili hupasuka kwanza, kwa kuwa ni za chuma kigumu lakini chenye kukatika upesi. Presha ya oili hutoweka, na ndani ya sekunde chache beringi zimekwisha. Wanaokimbiza magari yao kwenye viwanja vya mashindano hufunga gia za pampu zilizochongwa kwa chuma imara zaidi, na kwa hisani ya wenye Lotus spea hizo bado zinatengenezwa.

Silinda za 2ZZ hazina slivu za chuma. Kuta zake ni aluminiamu iliyoimarishwa kwa mchanganyiko maalumu, na hazirekebishwi kwa mashine za kawaida za kuchongea. Injini iliyoharibika kwa kawaida hubadilishwa nzima. Kupata nyingine ni kugumu zaidi kuliko 1ZZ, ingawa si muhali, kwani ilifungwa pia katika RunX na Fielder za toleo la Z. Bei yake ni ya juu na zilizobaki nyingi zimekwisha kukanyagwa sana. Ongeza kwamba inataka petroli ya okteni ya juu na oili nzuri. Kwa anayetaka gari la kwenda kazini kila siku, ZZT230 ndiyo chaguo la busara, na hilo lisemwe waziwazi hata kama linawaudhi wapenzi wa 2ZZ.

Klachi hubadilishwa kwa kushusha geaboksi, kazi ya saa tano hadi saba. Kwa kuwa ujira ni uleule, sahani, presha pleti na beringi ya kusukumia hubadilishwa kwa pamoja. Kuokoa beringi ya bei ndogo na kulazimika kushusha geaboksi tena baada ya miezi mitatu ni ubahili unaogharimu. Gia inayokwaruza inapoingizwa haraka kwa kawaida ina ringi za kulainisha gia zilizolika, na geaboksi ya mtumba huwa rahisi kuliko kuifungua. Ya otomatiki haina visa vingi ikibadilishiwa oili yake.

Upande wa kupoza, boksi za plastiki za rejeta hupasuka kwa umri na pampu ya maji huvuja polepole, ikiacha alama ya waridi iliyokauka. Tabia ya kuongeza maji ya bomba badala ya kulanti hula aluminiamu kutoka ndani. Injini hizi hazivumilii kuchemsha. Hedi ikipinda mara moja, gharama ya rejeta iliyoahirishwa huzidishwa mara nyingi.

Miguu ya gari haina siri. Bushi, boljointi, tairodi na linki za stabilaiza hulika upesi zaidi kwenye barabara mbovu, na kwa kuwa gari limekaa chini sana, matuta huumiza bampa la mbele, kinga ya chini na hata sampu ya oili. Kalipa za nyuma hukwama, hasa katika gari lililokaa muda mrefu bila kutembea. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine baada ya safari fupi, kalipa ndiyo ya kwanza kushukiwa. Zilizoishi Uingereza zina adha ya ziada ya kutu, iliyoletwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Hula kingo za chini ya milango, matao ya magurudumu ya nyuma na fremu ndogo za miguu. Zilizotoka Japani moja kwa moja kwa kawaida ni safi zaidi chini, ila zile za mikoa ya kaskazini yenye theluji nazo zikaguliwe.

Kinachobaki ni bodi, na hapo ndipo gharama ya Celica inapogeuka kuwa kinyume cha matarajio. Injini yake ni ya Corolla na Wish, lakini taa, bampa, boneti, fenda, milango na vioo ni vyake peke yake. Hakuna Toyota nyingine inayoweza kuiazima taa ya mbele. Taa hizo hupauka na kuwa njano kwa jua, jambo ambalo kusugua na kupaka varnishi hutibu kwa muda. Zikivunjika, hakuna dawa ila kutafuta nyingine, na kila mwaka zinapungua. Mgongano mdogo wa foleni, ambao kwa Premio ungekuwa kazi ya siku mbili na spea za dukani, kwa Celica unaweza kuliweka gari gereji miezi likisubiri taa moja kutoka nje. Kampuni za bima huhesabu jambo hilo. Gharama ya kutengeneza ikizidi sehemu kubwa ya thamani ya gari, huliandika kuwa limeharibika kabisa, hata kama injini inawaka vizuri.

Sheria za uingizaji zimeukaza zaidi upungufu huo. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo mlango ulifungwa kwa Celica za mwisho mwaka 2014. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018, na kizazi hiki kikavuka mstari muda mfupi baadaye. Tanzania bado huyaruhusu magari ya umri huo, lakini huyatoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Celica inayouzwa Nairobi leo, basi, imekwisha kuwa na maisha marefu nchini, na historia yake iko kwa mafundi walioitengeneza. Kuwauliza wao kuna faida kuliko kuamini namba ya kilomita kwenye dashibodi.

Mwenye nia ya kukaa na gari hili miaka mingi hufanya vyema kupanga ununuzi wa spea kinyume na mazoea. Pistoni, klachi na rejeta zinaweza kungoja siku ya kuhitajika, kwa kuwa zitapatikana kwenye maduka ya spea ya Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala. Taa mbili za mbele, bampa na kioo cha mlango hununuliwa vinapoonekana, hata kama vya sasa bado ni vizima. Wamiliki wawili au watatu wakinunua kwa pamoja Celica moja iliyokufa injini na kugawana bodi yake, kila mmoja hulipa sehemu tu ya bei ya kuagiza taa moja kutoka Japani.